Walileta Rambirambi Mama Akiwa Hai

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na tatu, mjane mwenye watoto wawili, na kazi yangu ni kukamua na kuuza mafuta ya alizeti hapa Iguguno, mkoani Singida. Mdomo ninao, siwafichi. Majirani wanasema nikianza kugombana hata kuku wanahama ua. Lakini jambo hili lilinifunga mdomo kabisa, na nikiendelea kukaa nalo moyoni litanimaliza...

Kibanda changu kiko kando ya barabara kuu. Basi likisimama, nakimbilia dirishani na madumu yangu, abiria ananunua moja, basi linaondoka. Akifika Mwanza au Dodoma anasifia mafuta kwa majirani zake, lakini atanipata wapi tena? Dumu likiisha, na mimi nimeisha. Miaka mingi niliuza hivyo, kila siku naanza upya na watu nisiowajua.

Mdogo wangu Joeli ndiye aliyenifumbua macho. Huyu ni kitinda mimba wa mama yetu, alisomeshwa kompyuta mjini Singida kwa alizeti hizihizi, kisha akarudi nyumbani akakaa bila kazi. Akanitengenezea tovuti, akaweka picha ya mama akipepeta alizeti kwa ungo. Akaniambia tukusanye imeili za wateja, ili mafuta mapya yakitoka tuwaandikie wote kwa mpigo.

Nilimcheka. Nani huku anasoma imeili? Akasema watu wa maofisini wanasoma kila asubuhi, na hao ndio wanaonunua ndoo nzima. Namba ya simu mtu anabadili laini, kwenye magrupu anajitoa, lakini imeili ya kazini anakaa nayo. Tena akanionya nisimwandikishe mtu asiyetaka. "Dada, imeili ya mtu ni amana," alisema. Kumbukeni maneno hayo, ni ya kwake mwenyewe.

Basi nikaanza. Mtu akinunua dumu namwambia, jiandikishe hapa, mafuta ya kwanza ya msimu nakuwekea wewe kabla sijaweka barabarani. Nampa simu yangu dirishani anaandika mwenyewe. Wengine walinicheka, wengine basi liliondoka wakiwa bado wanaandika, nikaidaka simu nikikimbia. Kidogo kidogo wakawa wengi.

Shida ikaja kwenye kuandika. Joeli aliandika bei kwanza, kama tangazo. Mama akakataa katakata. Kwetu huwezi kufika kwa mtu ukataja shida yako kabla hujamuuliza ameamkaje. Barua inayoanza na bei ni barua ya mtu asiyelelewa, alisema. Basi kila mwezi mama alikaa kwenye kigoda, anatamka salamu, Joeli anaandika. Anawauliza watu habari za nyumbani, watoto hawajambo, mvua huko imenyesha? Anawaambia alizeti zetu zimeanza kugeuza vichwa, au ndege wanazimaliza. Bei inakuja mwisho kabisa, kama kwa aibu.

Jamani, watu walipenda! Walijibu kuliko tulivyotegemea. Shikamoo mama. Mama, huku Shinyanga mvua hakuna, tuombee. Joeli anamsomea, naye anaitikia "marahaba" kwa sauti kuelekea kwenye simu, kana kwamba mtu yumo ndani. Wakambatiza jina, Bibi wa Alizeti. Oda zikaja za ndoo, nikaongeza mashine ya pili, nikaezeka nyumba ya mama bati jipya.

Kosa langu lilikuwa wapi? Neno la siri la kufungulia ile imeili alikuwa nalo Joeli peke yake. Sikuwahi kuliuliza. Damu yangu, ziwa moja tumenyonya, nimfungie mlango wa nini? Kwetu dada anayemficha mdogo wake ufunguo anaonekana mchawi.

Halafu Joeli akaanza kubeti. Mwanzoni ilikuwa utani, anakaa kibandani anashangilia mipira ya Ulaya. Baadaye mikeka yake ya kubeti ikawa inachanika kila siku, hapati kitu, pesa za wateja zinapungua njiani, na yeye haonekani, yuko Singida mjini na wenzake. Nilimgombeza hadi sauti ikakauka. Mama akawa ananituliza, ananiambia kwa Kinyiramba kwamba mtoto wa mwisho hukomaa mwisho. Nikanyamaza kwa ajili yake.

Alasiri moja basi la kutoka Dodoma likasimama. Akateremka mteja wangu wa siku nyingi, mhasibu mmoja tunayemwita Mama Happy. Amejifunga kanga, amebeba mfuko wa sukari, na nyuma yake konda anamshushia gunia la mchele. Akanikumbatia akaangua kilio pale pale barabarani. Pole shoga yangu, pole sana, nimeomba ruhusa kazini, nimesema siwezi kukosa kumzika Bibi wa Alizeti...

Nilidhani mama amefia nyumbani mimi niko kibandani sina habari! Nikatupa madumu, nikakimbia. Mama alikuwa nyuma ya nyumba na ungo wake. Akainua uso, akamwona mgeni ananifuata huku analia, akamkaribisha. Mama Happy akakaa chini mavumbini.

Kisha akatoa simu. Ilikuwa imeili yetu, yenye jina langu na picha ya mama ya kwenye tovuti. Kwa masikitiko makubwa ninawatangazia kifo cha mama yangu mpendwa. Mazishi ni Jumamosi. Kwa atakayeguswa, rambirambi zitumwe kwa namba hii. Namba ilikuwa ya Joeli. Na mnajua wenyewe, nani kwetu anahoji msiba? Mtu akikuambia amefiwa, humuulizi ushahidi. Unatoa ulichonacho, unatoa na pole. Joeli alilijua hilo kama sisi sote.

Mama hajui kusoma. Aliniuliza kuna nini. Nikasema hakuna kitu. Akasema mgeni hawezi kulia kwa ajili ya hakuna kitu, nisome. Nikasoma neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hajawasalimia," alisema. Kisha akauliza, "Amesema nazikwa lini?"

"Jumamosi, mama."

Akachukua ungo wake akaendelea kupepeta.

Joeli alikuwa amezima simu. Nilitaka kwenda polisi, mama akanizuia. Alisema nikimfunga mwanawe ndipo nitakuwa nimemzika kweli. Nikajaribu kuwaandikia wateja, mlango umefungwa, neno la siri limebadilishwa. Nikawapigia wachache niliokuwa na namba zao. Baadhi walinihurumia. Wengi waliniita tapeli. Mwanamume mmoja wa Nzega, mtu mzima, aliniambia alitangaza msiba wetu kanisani kwake, watu wakachanga, sasa atawaambia nini? Nilimwomba radhi mpaka akakata simu.

Jumamosi ile mama aliamka mapema, akavaa kitenge chake cha kanisani, akaniambia nimpelekee kigoda barabarani. Nikamwuliza wa nini. Akasema watu wanaopita waone. Akakaa pale kutwa nzima kwenye upepo wetu huu wa kipupwe, kila basi likisimama anapunga mkono madirishani. Wapo vijana wa stendi walioona ni kichekesho, wakawa wanauliza marehemu anaendeleaje. Siku nyingine ningewararua. Siku ile nilikaa chini karibu na miguu yake nikamfunika kanga.

Tangu hapo mama hakuwa yuleyule. Kula anakula kidogo, kulala hapati, pikipiki yoyote ikisimama anageuza kichwa. Alikuwa anamngoja Joeli. Hakumtukana hata siku moja. Aliniambia tu, akija umpe chakula kwanza, kugombeza baadaye.

Mvua za kupanda zilipoanza akaugua kifua. Tukampeleka hospitali, tukarudi naye, tukampeleka tena. Nikapata namba mpya ya Joeli kwa rafiki yake, nikamtumia ujumbe kwamba mama anaumwa, anakuita. Kimya. Siku ya pili yake mama akafariki mikononi mwangu, asubuhi, baada ya kuniuliza kama kuna mtu hapo nje.

Nikamwandikia Joeli tena. Mama amefariki, njoo tuzike. Safari hii akajibu. Nimeuhifadhi ujumbe ule mpaka leo, sijui kwa nini. "Dada, huo mtego naujua, niliutega mimi."

Nikampigia, akazima simu. Tulimzika mama bila kitinda mimba wake.

Nikampigia pia Mama Happy, yule aliyekuja na mchele. Yeye ni mtu mwema, siwezi kumlaumu hata kidogo. Akaniambia kwa upole sana, "Shoga, usinielewe vibaya. Naomba kwanza niongee na mama."

Nikakata simu.

Joeli alikuja kaburi limeshaota majani. Alikuwa amekonda, shati limempwaya. Alikuwa amekutana na mtu wa Iguguno huko mjini akampa pole, na mtu yule hakuwa na sababu ya kumdanganya. Alipiga magoti mlangoni, akanipa neno la siri kwenye kikaratasi. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu kipupwe, makali yote. Nikakumbuka agizo la mama. Nikampakulia ugali na mlenda, akala analia, nami nikamtazama tu. Mpaka leo sijamgombeza. Yupo hapa, anabeba magunia, hatuongei zaidi ya kazi.

Wasomaji wenzangu, mwenye biashara ndogo usiache ufunguo wa wateja wako mkononi mwa mtu mmoja, hata awe ndugu yako wa tumbo moja. Kaa naye ujifunze mwenyewe, ukionekana mchawi na uonekane. Na wewe kijana unayewaza kumuua mzazi wako kwa maneno upate pesa ya mkeka, nakusihi, acha. Pesa ile iliisha kwa wiki moja, aliniambia mwenyewe. Ila siku utakapomlilia mzazi wako kwa kweli, utamlilia peke yako, na pengine hata wewe hutaamini.

Ile imeili sasa naweza kuifungua. Majina yenu yote yamo. Nimeandika salamu mara nyingi, nauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua, kama alivyonifundisha. Nikifika mahali pa kusema habari za huku, nafuta yote. Basi nawaambia hapa, mliokuwa mnamwita Bibi wa Alizeti, kama kuna anayesoma. Hamjambo? Mvua huko zimenyesha? Huku mama yangu amefariki. Msitume chochote. Naomba tu mniamini.