Kiti cha Mama

Kiti kilikuwa na joto.

Muuguzi alikigusa tena kikalio, akidhani amekosea. Karakana ilikuwa imefungwa tangu jana, na mbao nyingine zote zilikuwa baridi. Hiki kilikuwa na joto la mahali alipoinuka mtu sasa hivi.

"Fundi, nani alikaa hapa?"

"Akae nani, sista? Miguu yenyewe bado inacheza!" Fundi alicheka. "Atakayekaa hapo ataamkia sakafuni."

Kilikuwa kiti cha kwanza muuguzi kukitengeneza maishani. Mama yake alikuwa amevunjika nyonga, na viti vya dukani vilikuwa vifupi mno kwake. Akikaa, lazima anyanyuliwe kama gunia. Ndipo binti, aliyezoea sindano na bandeji, alipoomba kufundishwa randa na patasi siku zake za mapumziko. Aliukata mguu mmoja ukawa mfupi, ikabidi aipunguze na mitatu iliyobaki. Mbao aliipata kwenye mlango mkuukuu uliotoka katika nyumba iliyobomolewa. Wateja wawili walikuwa wameshauchukua na kuurudisha bila maelezo. Fundi alimwambia auache. Yeye aliipenda rangi yake.

Alasiri hiyo patasi iligeuka mkononi mwake kana kwamba mtu ameishika upande wa pili, ikazama kiganjani mpaka ncha ikatokea nyuma. Damu ilimwagika juu ya kikalio. Akiwa anajifunga kitambaa, aliiona yote ikinywewa na mbao, bila kuacha doa, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa karakana.

"Kiache, sista," fundi alinong'ona.

"Mama yuko kitandani mwezi wa nne, fundi. Nakimalizia."

Wiki iliyofuata walikipeleka nyumbani, jua likiwa utosini. Fundi alikiweka sebuleni akasema atakijaribu yeye kwanza, mama asije akaanguka. Akakaa. Akafungua mdomo, sauti isitoke. Kifua chake kilianza kudidimia, kama vile mtu mzito amemkalia mapajani na anazidi kumwegemea, na mbavu zikavunjika moja baada ya nyingine kwa mlio wa kuni kavu. Muuguzi alimvuta mkono. Kiti kikamrusha fundi ukutani kwa uso, meno yakatawanyika sakafuni.

Jirani aliyesikia kishindo alichungulia dirishani, akatimua mbio kumwita mganga.

"Kina mwenyewe," fundi alisema huku damu ikimtoka mdomoni. "Jini. Usikivunje, sista, nakuomba. Likikosa kiti, litampanda mtu."

Kiti kikaanza kutembea. Kiliburuta miguu sakafuni, mmoja, halafu mwingine, kuelekea chumbani.

"Ndiyo unakileta, mwanangu?" mama aliuliza kwa furaha kutoka kitandani. "Mbona unakiburuta? Utakikwaruza!"

Muuguzi aliuwahi mlango, akaufunga, akauegemea kwa mgongo, lakini kiti kiliupiga pigo moja tu ukang'oka na bawaba zake na kumwangusha chini, na mama alipoona kiti kinamjia peke yake alipiga yowe lililomfanya binti asahau yote aliyoambiwa, akakimbilia sebuleni, akachomoa nyundo kwenye mfuko wa zana wa fundi, akarudi na kuanza kukipiga, akipiga miguu aliyoikata mwenyewe, akipiga mikono aliyoilainisha kwa msasa siku tatu, mbao zikilia kama mnyama na jeraha la kiganja likipasuka upya, mpaka kikabaki vipande.



Halafu mama akasimama. Wima.

"Nani kavunja kiti changu?" Sauti ilikuwa nzito, ya kiume.

Akamkaba binti koo kwa mkono mmoja, akamwinua. Mdomo wa mama ulicheka, macho yalitiririka machozi. Akining'inia hewani, muuguzi alisikia ile nyonga ya mama ikisagika, mfupa juu ya mfupa.

"Mwachie," alisema kwa shida. "Huyu hakubebi. Mimi ni mzima. Nipande mimi."

Mkono ukalegea. Wote wawili wakaanguka.

Mganga alipofika, fundi alikuwa anahema kwa taabu sebuleni, na mama alikuwa sakafuni chumbani akilia kwa sauti yake mwenyewe. Binti alikuwa katikati ya chumba, amepiga magoti, viganja chini, mgongo umelala sawasawa. Hakupepesa macho.

Mganga aliishia mlangoni. "Nani amelikaribisha?"

"Mwenyewe," mama alisema. "Kwa ajili yangu. Litoe, nakusihi!"

"Lililokaribishwa silitoi, mama."

Akarudi nyuma hatua moja. Mgongo wa muuguzi ulikuwa ukibonyea taratibu, upande huu, halafu upande ule, kama vile aliyekaa juu yake anageuka kumtazama mgeni.