Zimamoto wa Pili

Soko la vitambaa lilikuwa limefurika, hata pa kutia mguu hapakuwapo, na katikati ya msukumano huo kijana mmoja mrefu alikuwa akitembea upande upande kama kaa, mgongo ameubandika ukutani. Fundi, aliyekuja kununua nyuzi, alimtazama mara moja, akamtazama tena, akaelewa. Suruali ilikuwa imempasukia pabaya.

"Kaka," alimwambia, akijikaza asicheke, "ukuta unaishia pale mbele. Halafu?"

"Halafu namwachia Mungu, dada."

"Mungu kakuletea fundi cherehani. Kibanda changu kile pale, twende."

Basi wakavuka soko, Fundi nyuma akimkinga kwa jora la kitambaa, na wauza vifungo wakipiga vigelegele kama wameona bwana harusi. Loh! Kijana alitoka jasho. Kibandani alisimama nyuma ya pazia la kupimia nguo, kichwa tu ndicho kilichoonekana, na macho hayakumbanduka Fundi: gauni lake la manjano, futi ya kupimia shingoni, pini pembeni mwa midomo.

"Kazi gani hiyo inayopasua nguo namna hii?" Fundi aliuliza.

"Dereva. Gari kubwa."

"Afadhali. Ungeniambia zimamoto, ningekurudishia suruali hivyo hivyo." Cherehani ilisimama. "Mdogo wangu, Kitinda, alikuwa zimamoto. Ukuta ulimwangukia akimtoa mtu kwenye ghala linaloungua. Alilala hospitali akiwatania wauguzi, tukadhani kapona. Akatutoka. Nimezika mmoja, na sitaki kuzika wa pili."

Kichwa kikazama nyuma ya pazia.

Kesho yake Dereva alirudi na shati lililokatika kifungo. Keshokutwa akarudi na shati lile lile, kifungo kile kile.

"Kifungo hiki unakikata mwenyewe," Fundi alisema.

"Kwa meno," alikiri Dereva. "Sasa nifanyeje, na fundi mwenyewe hakamatiki?"

Mapenzi kikohozi, hayafichiki. Simu zikaanza, "umekula, mpenzi?" na "nani kakuudhi nimpige honi?" Fundi alimsimulia vituko vya Kitinda, na kwa mara ya kwanza tangu msiba aliweza kulitaja jina hilo akicheka. Jambo moja tu lilimshangaza. Kila akiingia kibandani, Dereva huchomoa pasi kwenye umeme, kisha huuliza kama kuna mlango wa nyuma.

"Dereva gani mwoga hivi?" Fundi humtania.

"Mwoga huishi, laazizi wangu."

Siku ya siku Fundi akampelekea shati jipya, kamshonea mwenyewe, nyumbani kwake. Dereva akatoka mbio kununua soda. Fundi alikaa kitini akizungusha macho chumbani: kitanda kimetandikwa vizuri, sufuria zimepangwa kwa ukubwa. Kisha akaona karibu na mlango. Buti mbili zimesimama, na suruali nzito imeshushwa juu yake, miguu ya suruali imeshavikwa kwenye buti, tayari mtu kutumbukiza miguu, kuvuta juu na kukimbia.

Hakuna dereva wa mizigo anayevua nguo hivyo. Kitinda alikuwa akifanya vile vile hata siku za mapumziko, mpaka mama anajikwaa na kumgombeza. Fundi aliliweka shati kitandani, akaondoka, machozi yanamtangulia.

Simu iliita mchana kutwa. Mwishowe akapokea.

"Ulinidanganya."

"Naendesha gari kubwa kweli, Fundi. Ila ni jekundu."

"Usinichekeshe! Kituo gani?"

"Kile cha Kitinda. Nilihamishiwa pale baada yake. Ulivyosema hutaki zimamoto, nilikuwa nimeshakupenda, na suruali yangu unayo wewe. Ningesema nini?"

"Ungesema kweli," alijibu Fundi, akakata.

Mama yake, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, hakuinua kichwa. "Umemkosea nini mtoto wa watu?"

"Mama! Ni zimamoto!"

"Na baba yako alikuwa karani. Kazi yake kupiga mihuri, kiti chake kina mto, na bado tulimzika. Ajali haina kinga, mwanangu. Jumamosi ni kumbukumbu ya mdogo wako kituoni. Utanisindikiza, na hiyo sura utaiacha nyumbani."

Kituo kile kilikuwa na desturi yake. Siku ya kumkumbuka mwenzao hawaanzi na hotuba. Kila mmoja husimulia kituko kimoja cha marehemu, na anayeanza ni mgeni kuliko wote. Mkuu wa kituo akaita, na aliyesimama ni Dereva, ndani ya shati jipya, mikono haijui ikae wapi.

"Sikubahatika kumwona," alisema. "Ninachokijua nimekipata kwa dada yake. Kitinda akiwa mdogo aliona moshi ng'ambo ya ukuta wao. Akapanda na ndoo, akamwaga maji yote. Kumbe ni jirani anavuta sigara, kavaa suti, anakwenda kuchumbia!"

Wazima moto wakaangua kicheko. "Na Kitinda," aliendelea, "akapiga kelele kule juu: 'Usiogope mzee, nimeshakuokoa!'"

Mama alicheka mpaka akashika mbavu, akacheka na kulia pamoja, huku akimpiga Fundi pajani. Fundi hakuwa amemwona mama akicheka hivyo tangu mazishi. Aliona pia kwamba mtu huyu alikuwa ameshika kila neno lake la kibandani, akampenda ndugu yake asiyemjua. Moyo ukamlainika, hasira ikakosa pa kukaa.

Kengele ikalia.

Kufumba na kufumbua ukumbi ukawa mtupu. Dereva alitumbukiza miguu kwenye buti, akavuta suruali, akarukia usukani. Fundi alikimbia hadi kando ya gari. Hofu ile ile ya kuzika wa pili ilimrudia. Angeweza kumwambia asiende. Alishika mlango.

"Nenda!" alipiga kelele. "Nenda kawatoe watu! Lakini ukirudi uje kwa mama, uniombe kama watu wanavyoomba!"

King'ora kilikuwa kimeshaanza. Gari likachomoka langoni, na Fundi akabaki hajui kama amesikika. Kisha kipaza sauti cha gari kikanguruma, mtaa mzima ukageuka:

"MAMA! JIONI NAKUJA KUPOSA!"

"Mkwe gani huyu asiye na adabu!" alisema mama, akijifuta machozi, meno yote nje.

Fundi alibaki amesimama langoni. Alijua hofu hii itamrudia kila kengele ikilia, maisha yake yote. Akamgeukia mama yake.

"Mama, twende nyumbani tukapike. Atarudi na njaa."