Ngozi Aliyoitaka Hamdu

Nasreen alimchukia Hamdu kabla hata hajalijua jina lake. Alikuwa sokoni Lamu, kwenye msongamano wa asubuhi, akichagua nyanya. Alipounyoosha mkono kwenye kapu la nyuma, buibui lilipanda, na kiwiko chake chenye magamba kikaonekana. Kijana mmoja wa shati jeupe, lililopigwa pasi likanyooka, akasimama palepale.

"Bi, hiyo ni soriasisi. Tuna utafiti wa ngozi hospitali."

Wanawake watatu wakageuka kutazama.

"Kwenu hukufundishwa kufumba mato?"

"Kwetu Chundwa tulifundishwa kuuliza."

"Basi uliza bei ya nyanya."

Alikwenda hospitali hata hivyo, maana dawa zilikuwa zimemchosha. Hamdu hakumdunga wala hakumkata. Alimbandika utepe mwembamba, akaubandua, akabandika mwingine palepale. Kila utepe uliondoka na ngozi kidogo ya juu, ili maabara ione jeni zipi zinafanya kazi pale panapowasha. Kila alipobandua alisema samahani. Kufika utepe wa nane walikuwa wanataniana, na jioni ile simu ya Hamdu ililia.

"Mkono waniwasha kwa sababu yako," Nasreen alimwambia.

"Uwache uwashe, upate kunikumbuka."

Kwa safari ya pili aliambiwa asipake chochote siku tatu kabla. Alisikia vizuri. Lakini mwanamke wa Lamu haendi kwa mtu ampendaye bila kunukia. Alijisugua singo, ile ya maua na liwa wanayosuguliwa maharusi, mkono mzima mpaka ukang'aa. Utepe ulikataa kushika.

"Umeharibu," Hamdu alifoka mbele ya wagonjwa. "Ngozi niliyoitaka umeisugua yote. Hii haifai."

Nasreen akavuta buibui lake, akatoka. Simu kumi na mbili hakupokea. Ya kumi na tatu alipokea ili amtukane.

"Nalijitia manukato kwa ajili yako, nawe wanambia sifai mbele za watu."

"Nilisema ngozi haifai."

"Na mimi hukaa wapi, Hamdu, nde ya ngozi yangu ama ndani?"

Akakata. Aliumia, kwa kuwa hakujua kama alipendwa yeye au kiwiko chake.

Ijumaa, baada ya alasiri, Hamdu alibisha hodi kwa kina Nasreen, mtaa wa Wiyoni. Shati halikupigwa pasi.

"Nimejitoa kwenye utafiti. Cherotich, mwenzangu kazini, ndiye atakayekubandika, ukitaka. Hutaki, tepe zako zitateketezwa. Mimi nimekuya kwa yambo jingine. Nataka kukuposa."

Hasira ya Nasreen ilikuwa bado haijapoa.

"Posa hailetwi hivi. Mamako na aye hapa. Na akiya, aushike mkono huu kwanza, bila glovu. Akisita, rudini kwenu."

Hamdu akatoa simu, akapiga Chundwa, akaifungua sauti wote wasikie, akamweleza mamake yote, ugonjwa na sharti. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Huuma ukishikwa?" akauliza.

Nasreen alijikuta analia.

"Siku nyingine huuma, mama."

"Basi nitaushika polepole, mwanangu. Nakuya Jumapili."