Kadi Kubwa, Prosesa Kuukuu

Fundi wa kompyuta alikutwa amelala kifudifudi chini ya meza yake ya kazi, kisogo kimepasuka. Juu ya meza kompyuta ya mteja ilikuwa bado inawaka, feni zake zikivuma.

Inspekta alichuchumaa kando ya maiti. Miaka ishirini kazini, na bado moyo wake ulikataa kuota sugu.

"Amekufa saa ngapi?"

"Kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi," alijibu daktari wa polisi. "Pigo moja, kitu kizito chenye pembe."

Nje, mama wa marehemu aliketi kwenye benchi, mtandio umemwangukia mabegani na hana habari nao. Mwanawe wa pili, aliyefanya kazi humo humo na kaka yake, alikuwa amemshika mkono.

"Nimefika saa tano, nikamkuta hivyo," alisema mdogo mtu. "Jana jioni nilimwacha akimfungia mteja kadi kubwa ya michoro, ile ya kuchorea picha za gemu."

Mteja mwenyewe, dereva wa lori mpenda gemu, aliitwa akashangaa.

"Anifungie? Alinikatalia katakata! Alisema prosesa yangu, yaani ubongo wa kompyuta, ni kuukuu, kadi kubwa itakaa bure ikiisubiri. Boksi hata hakulifungua. Akanishauri nichukue kadi ndogo."

"Na mdogo wake?"

"Alibisha weee! Kaka mtu akamwambia, 'Nyamaza, wewe bado mtoto.' Mimi nilicheka, afande. Yeye hakucheka."

Koplo, aliyezijua gemu kuliko alivyozijua sheria, aliinamia kompyuta. Kadi kubwa ilikuwa ndani.

"Imewashwa leo saa tatu na nusu, afande. Gemu imeendeshwa nusu saa."

Saa tatu na nusu fundi alikuwa tayari maiti. Alama za vidole zilipolinganishwa, inspekta alimwita mdogo mtu chumba cha nyuma.

"Kadi hii ilikuwa kwenye boksi lililofungwa. Ina alama za mtu mmoja tu, na si kaka yako."

"Njia ya mwongo fupi, kijana. Sema."

"Asubuhi nilimwomba tuijaribu tu," alisema mdogo mtu. "Akasema hapotezi umeme kwa ubishi wa mtoto. Miaka saba, afande! Kila mteja akiingia, mimi mtoto. Nikashika pawasaplai mbovu, lile boksi la chuma la kulishia umeme, iliyokuwa karibu... Sikukusudia."

"Kisha ukakaa ukacheza gemu, kaka yako yuko miguuni pako?"

"Sikucheza. Nilitaka kujua nani mkweli."

"Ukaonaje?"

Alivitazama viganja vyake.

"Picha zilikuwa zinakwamakwama. Prosesa imeelemewa, kadi haifanyi kazi hata nusu." Machozi yakamdondoka. "Yeye ndiye alikuwa mkweli."

Koplo alimtia pingu, akabaki naye chumba cha nyuma. Inspekta alitamani njia ya kutoka iwe ndefu zaidi, lakini zilikuwa hatua sita tu hadi mlangoni. Mama aliinuka kwenye benchi.

"Mwanangu, umempata aliyeniulia mtoto?"

"Nimempata, mama."

"Mungu akubariki." Mama alijifunga mtandio wake vizuri. "Basi niitie huyo mdogo wake anishike mkono, twende nyumbani. Sasa nimebaki na yeye tu."