Abee, Wifi

Weka mkono kifuani useme hutamwambia mtu. Sema kwa sauti, nisikie. Haya. Mimi nami niliweka mkono hivyohivyo mbele ya Mama Pantaleo, nikaapa kwa marehemu mume wangu, na marehemu hakuwa mtu wa kuapiwa ovyo. Mwisho wa jambo hili tuliuona wengi, ila mwanzo wake alinisimulia mimi peke yangu. Lakini siri hii imenikwama kooni kama mwiba wa sato, na umri wangu huu si wa kulala na mwiba.

Mama Pantaleo ndiye Euphrasia, mke wa Mayala mwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu inayotupigia kelele hapa Kahama. Februari walitimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, jubilei ya fedha. Watoto wao wakawalipia safari ya Kigali, siku nne, hoteli ya ghorofa. Watu walisema mengi. Mimi nilisema kidogo tu, kwamba Mayala hajawahi kumpeleka mkewe hata Mwanza, na leo anamvusha mpaka.

Walifika wamechoka na basi, wakala, wakalala mchana. Euphrasia alipoamka viganja vilikuwa vyeusi, vinanata, kidole hakiachi kidole. Akaenda kunawa. Sabuni ya hoteli ikaisha, weusi upo.

"Baba Pantaleo, amka. Nusa hapa."

Mayala akanusa, akakunja uso. Yeye amezaliwa Ushetu, kwenye mashamba ya tumbaku. "Hii gundi ya tumbaku mbichi. Umeshika wapi tumbaku wewe?"

"Nilikuwa nimelala."

"Mke wangu, mji huu hata ganda la karanga huruhusiwi kutupa. Tumbaku utaitoa wapi?" Akacheka, akaenda kutafuta mishikaki ya mbuzi.

Siku ya pili Mayala aliamka mwepesi kama kijana. Euphrasia aliamka mgongo umekatika, na magoti yana udongo. Mayala akamtania: "Umezeeka, Mama Pantaleo. Nimekuleta kupumzika, wewe unalala kama umebeba zege."

"Baba Pantaleo, silali. Nafanya kazi." Alisema polepole, maana hata kusema kulimchosha. "Nikifumba macho tu nasikia firimbi. Halafu nasikia naitwa, naitika. Nikishaitika, niko kwenye mstari wa tumbaku, nachuma majani. Jana nilichuma ya chini, ya magotini. Leo nimefika kiunoni. Nyuma yangu kuna mtu amesimama. Simwoni. Ila anapumua, na pumzi yake ina joto kama la bani, lile banda la kukaushia tumbaku."

"Nani anakuita?"

Euphrasia akatazama chini. "Sauti ni ya wifi."

Wifi ni Apolonia, dada mkubwa wa Mayala, mjane, ana shamba kubwa la tumbaku kulekule Ushetu. Mayala akakasirika. Dada yake ndiye aliyemlea. Siku hiyo wakakaa hoteli ya ghorofa kila mtu anatazama dirisha lake.

Siku ya tatu, saa sita mchana, jua limesimama juu ya utosi, Euphrasia alipitiwa na usingizi akiwa amekaa kitandani na kiatu kimoja mguuni. Mayala alikuwa macho. Akasikia firimbi, ndogo, ya mbali, akadhani ni askari wa barabarani. Halafu mkewe akasema, macho yamefumba, kwa ile sauti ya adabu anayoitumia kwa wakwe, "Abee, wifi," na mikono yake ikainuka mpaka usawa wa kifua ikaanza kuvunja vitu visivyoonekana, vunja, weka kwapani, vunja, weka kwapani, na kila alipovunja viganja vilizidi kuwa vyeusi, na chumba kikajaa harufu ya tumbaku mbichi mpaka Mayala akainama kuvuta shuka azibe pua, akaona kwenye zile marumaru nyeupe, nyuma ya mkewe, pale ambapo hapana mtu, nyayo mbili za udongo mwekundu, zimesimama, vidole vikiwa vimeelekea kwa mkewe, na nyayo zile zilikuwa mbichi, na moja ikanyanyuka kidogo kisigino, kama msimamizi anayejinyoosha aone mstari umefika wapi.

Hawakungoja siku ya nne.

Hospitali walimpima, damu nzuri, mkojo mzuri, wakamwambia apumzike. Apumzike! Maskini, kupumzika ndiko kulikokuwa kunamuua.

Ndipo wakaenda Kishapu, kwenye mnada wa Mhunze, kwa Bibi Hosiana. Bibi huyu anauza mbuzi, uganga anaufanya katikati ya wateja. Walimkuta ameshika kamba tatu za mbuzi, anapiga miayo. Akamtazama Euphrasia viganja.

"Nani alikuita ukaitika?"

"Wifi yangu. Siku ya kuondoka alituaga. Akasema, 'Wifi, huko uendako nikikuita utaniitika?' Nikadhani utani. Nikamwambia, 'Nisipokuitika wewe nimwitike nani? Popote nitakapokuwa, nitakuitika.'"

"Gashi!" Bibi Hosiana akasema, yaani kumbe. Mbuzi mmoja akavuta kamba, Bibi akamtukana mbuzi. "Sasa sikilizeni. Vibarua wamemkimbia huyo wifi yako, naye kachukua jini la shambani. Jini hili halilimi. Linasimamia tu. Mwenye shamba ndiye anayelitafutia mtu, na mtu lazima akubali kwa mdomo wake. Mayala ni damu yake, hamgusi. Umefika jani la wapi?"

"Jana la mabegani."

"Limebaki la juu. Shamba likiisha kuchumwa, mchumaji haamki."

Mayala akanong'ona, "Bibi, tufanyeje?"

"Asiitike. Akiitwa mara tatu bila jibu, jini halina kibarua. Litamchukua aliyeita."

Euphrasia akaanza kulia, machozi ya mtu aliyechoka, yasiyo na kelele. "Siwezi. Ni dada wa mume wangu. Miaka ishirini na mitano akiniita naitika kabla sijajua nimeitika."

"Yaya, hapana," Bibi akatikisa kichwa. "Adabu utazikwa nayo?" Akamgeukia mteja wa mbuzi.

Usiku ule Mayala hakumwacha mkewe afumbe macho, na kesho yake, Jumamosi, ikawa sherehe. Asubuhi misa ya shukrani, mchana turubai uani kwa Mayala, pilau, soda, keki ya ghorofa tatu. Nilikuwepo, meza ya mbele, sikualikwa huko lakini macho yangu ni mabovu. Apolonia alikuja na gunia la mchele, kitenge kipya, anacheka kutushinda wote. Akamkumbatia Euphrasia, akamwambia, "Mbona umekonda, wifi? Kigali hawapiki?" Euphrasia hakuwa hata na nguvu ya kuondoa mkono ule begani.

Ilipofika saa sita, mtoto wao Pantaleo akatangaza maharusi wa zamani walishane keki. Nikageuka. Kiti cha Apolonia kilikuwa kitupu.

Firimbi ikalia. Safari hii tuliisikia wote. Euphrasia akasinzia palepale amesimama, kipande cha keki mkononi, na kutoka nyuma ya nyumba, upande wa stoo, sauti ikaita, tamu, ya kubembeleza:

"Mama Pantaleo!"

Nikaona midomo ya Euphrasia inafunguka. Mayala akamshindilia keki. Kipande kizima, na malai yake. Watu wakapiga vigelegele. "Ana mapenzi huyu!" katekista Donatus akasema.

"Mama Pantaleo! Wifi!"

Akamshindilia cha pili, vidole vimeingia mpaka kwenye meno, jasho linamtiririka Mayala, na mkewe anasukuma kwa ulimi, anataka kujibu, shingo imemvimba kwa ile *abee* iliyomjaa, na watu vigelegele vimeanza kupungua kwa sababu wameona mikono ya mama wa watu imenyooka juu ya kichwa, inatafuta jani angani, na harufu ya tumbaku imefunika harufu ya pilau.

"Euphrasia! Njoo, limebaki moja!"

Mayala akamziba mdomo kwa kiganja, akamkumbatia, wote wawili wakaanguka juu ya meza na keki yao. Hakuna aliyeitika. Karasha lenyewe ungedhani limezimwa.

Halafu ndani ya stoo mtu akasema, taratibu, kwa woga, "Abee."

Pantaleo akapiga mlango teke. Sote tukawa mlangoni, wengine sahani mikononi. Apolonia alikuwa amesimama katikati ya stoo, firimbi ya bati imebanwa pembeni mwa mdomo wake, majani mabichi ya tumbaku yamejaa kwenye kitenge kipya, nyuma yake nyayo mbili nyekundu sakafuni. Viganja vyake vilikuwa vinachuruzika weusi.

"Dada," Mayala akasema, keki imemjaa kwenye shati. "Ni wewe?"

Firimbi ikadondoka mdomoni. Ikalia yenyewe sakafuni.

"Msinishike," akanong'ona, "linahesabu majani," na mbele yetu sote, padri akiwemo, akainua mikono juu ya kichwa.