Kamera Iliyochaguliwa Kivulini

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Wahenga walisahau kutuambia habari za mkuu asiyesikia la mdogo. Huyo huvunjika miguu yote miwili, kisha humwita mdogo yuleyule aje amshike mkono.

Mdogo wa hadithi hii alikuwa msichana wa darasa la sita aliyeitwa Kidevu. Jina hilo hakupewa na wazazi wake, alipewa na bustani. Kila alasiri, akishatoka shule na kubadili sare, alikwenda kwenye bustani ya katikati ya mji, ambako mama yake alikuwa mpigapicha. Mama alisimama na kamera jichoni, naye Kidevu akawapanga watu mbele ya maua.

"Baba, sogea kidogo. Shangazi, mkoba uweke nyuma. Wewe mdogo wangu, inua kidevu. Kidevu! Kidevu!"

Watoto wenzake walilidaka neno hilo, na jina likamganda kama kupe.

Jioni kazi iliendelea sebuleni. Printa ilikaa juu ya meza ya kulia chakula, betri zilikuwa kwenye chaji kando ya chupa ya chai, na Kidevu alifuta lenzi kwa kitambaa laini. Vumbi alilipuliza kwa kipira kidogo, kamwe si kwa mdomo, kwa maana mate ni adui wa lenzi. Kamera ile ilikuwa nzee, lakini mama aliijua kama anavyozijua sufuria zake.

Kisha kikaja kipindi cha upepo. Mchanga ukaingia ndani ya lenzi, na kamera ikaanza kusaga kama mtu anayeuma meno usingizini. Fundi aliifungua, akaitazama, akavua miwani yake.

"Mama," alisema, "huyu si mgonjwa tena. Huyu ni marehemu."

Msiba huo ulikuja wakati mbaya. Bustanini wateja walikuwa wamepungua, kwa kuwa siku hizi kila mtu anajipiga picha kwa simu. Lakini Mwalimu Mkuu wa shule ya akina Kidevu alikuwa amempa mama kazi ya kupiga picha za siku ya michezo. "Nipigie hizi vizuri," alimwambia, "na picha zote za shule zitakuwa zako, mwaka hadi mwaka." Mama aliiota kazi hiyo. Sasa michezo ilikuwa Jumamosi, na mpigapicha hana kamera.

Akiba ilikuwapo ya kununulia kamera moja tu. Kwa hiyo walikwenda dukani watatu: mama, Kidevu, na mjomba wake ambaye mtaa mzima ulimwita Profesa. Mjomba hakuwa na shahada yoyote. Alikuwa na majibu, hata ya maswali ambayo hayajaulizwa.

Duka lilikuwa baridi na jeupe, taa zikiwaka mchana kutwa, na ukutani palikuwa na tangazo: MALI IKIVUKA KIZINGITI HAIRUDI. Mwenye duka, mzee mnene aliyevaa miwani yake juu ya paji la uso, alipoambiwa na mama kwamba kazi yake ni ya bustanini, aliwatolea kamera nyembamba, nyekundu, inayong'aa. Kioo chake cha nyuma kilikuwa kikubwa kama dirisha. Mama alipoielekeza kamera kwenye chombo cha maua ya plastiki, maua yakatokea mle kwenye kioo mazuri kuliko yenyewe.

"Megapikseli hizo, dada!" Mjomba alisema. "Hapo hata chunusi ya mtu aliyeko ng'ambo ya mto utaihesabu."

Mama aliinua kamera hadi jichoni, kama alivyozoea. Pua yake ikagonga kioo. Hapakuwa na kitundu cha kuchungulia.

Mjomba alicheka hadi akashika meza. "Kitundu? Dada, hayo mambo ya akina babu! Siku hizi picha inatazamwa kwenye kioo."

Mwenye duka naye akatabasamu. Mama akaishusha kamera polepole, uso umemwiva kwa haya.

Kidevu hakucheka. Alikuwa anakumbuka simu ya mama pale bustanini. Jua likiwa kali, mama huikinga kwa kiganja na bado haoni nani anapiga. Kama kioo cha simu hufa juani, hiki je? Rafu ya chini, karibu na sakafu, aliona kamera nyingine: nyeusi, imetumika, kona zimechubuka, lakini ina mpira kwenye maungio wa kuzuia vumbi, na juu yake kuna kitundu cha jicho.

"Mama, tuitoe nje kidogo. Tuijaribu juani," alisema.

"Nje?" Mwenye duka alishusha miwani ikatua puani. "Kwani mimi nauza mitumba sokoni? Kitu hakitoki hapa kabla hakijalipiwa."

"Basi ile nyeusi..."

"Ile imekwisha, binti. Inasubiri kustaafu."

"Lakini hii nyekundu, juani..."

"Wee mtoto!" Mjomba alimkata. "Tangu lini kifaranga akamfundisha kuku kuparua? Unamvunjia mzee heshima dukani kwake. Omba radhi!"

Kidevu alimtazama mama. Mama alitazama sakafu. "Omba radhi, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo. "Tusichelewe."

"Naomba radhi, mzee," Kidevu alisema. Maneno yalipita kooni kama mfupa wa samaki. Kamera nyekundu ikafungwa kwenye boksi, ikavuka kizingiti.

Jumamosi jua lilitoka kama lina ugomvi na mtu. Uwanja ulikuwa umechorwa mistari ya chokaa, wazazi wamejaa pembeni, na wanafunzi walizuiwa nyuma ya kamba. Kidevu alisimama hapo, sweta lake la shule limefungwa kiunoni, macho hayabanduki kwa mama.

Mama aliinua kamera, akaishusha. Akaipandisha tena, akaigeuza, akaikinga kwa kiganja. Kidevu alijua mama anaona nini: miwani yake mwenyewe, kilemba chake, na kipande cha mbingu.

"Ongeza mwanga wa kioo, dada!" Mjomba alipiga kelele kutoka kwenye kiti cha wageni.

Mama akauongeza hadi mwisho. Kioo hakikuonekana zaidi. Betri ndiyo iliyoanza kuisha. Akabaki anabonyeza kwa kubahatisha, kama kipofu anayerusha mawe kwenye mwembe.

Zikaja mbio za wasichana. Rafiki wa Kidevu, aliyeitwa Swala kwa miguu yake, alikuwa amesema wiki nzima kwamba anataka picha moja tu, ile ya kifua kukata utepe. Nyanya yake alikuwa kitandani mgonjwa, asingeweza kuja uwanjani, na Swala alimwahidi kumletea ushindi mkononi. Filimbi ikalia. Swala akaruka kama jina lake, akawaacha wenzake, akakata utepe mikono ikiwa juu. Mama alibonyeza, akabonyeza tena. Kidevu aliona lenzi inatazama wapi. Ilitazama chini mno.

Alitaka kupiga ukelele, lakini angesema nini? Mbio hazirudiwi kwa ajili ya picha. Alikuwa ameliona jambo hili dukani kabla halijatokea, akaliomba radhi, na sasa linatokea mbele yake wala hana la kufanya. Machozi yalimlenga. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama kivulini akimtazama mama, mikono kifuani.

Hapo ndipo Kidevu alipoinama, akapita chini ya kamba.

"Wewe! Rudi nyuma!" mwalimu wa zamu alifoka.

Hakurudi. Alifungua sweta kiunoni, akamfunika mama kichwa chote pamoja na kamera, akashika kingo mbili zisipeperuke.

"Nani huyo?" mama aliuliza kutoka gizani.

"Mimi, mama. Unaona?"

"Naona," mama alisema. "Naona kila kitu."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. "Mpigapicha anajifukiza!" mzazi mmoja alipayuka. "Mleteeni majani ya mkaratusi!" mwingine akadakia. Mama alipiga picha chini ya sweta, jasho likimchuruzika, naye Kidevu alimwelekeza wapi pa kugeukia, hadi betri ilipozima kabla ya zawadi kutolewa.

Jioni ile walizitazama picha sebuleni. Ya kuvuta kamba ilikuwamo, ya kuruka juu ilikuwamo, safi kabisa. Za kabla ya sweta zilikuwa mbingu, visigino na mkia wa bendera. Ya Swala ilikuwa vumbi na viatu viwili.

Swala alikuja mwenyewe kuiulizia. Aliitazama muda mrefu. "Hivi ni viatu vyangu kweli," alisema mwishowe, akajaribu kucheka. "Nyanya atavijua." Alikwenda zake nayo.

Mwalimu Mkuu alikata shauri Jumatatu. Zile za chini ya sweta zilimpendeza. "Lakini mama," alisema, "siwezi kuajiri sweta. Ukipata kamera ya kazi kabla ya mahafali, kazi ni yako. Usipopata, nitatafuta mwingine."

Wakarudi dukani watatu. Mama alieleza yote kwa upole. Mwenye duka alimsikiliza hadi mwisho, kisha akanyoosha kidole kwenye tangazo la ukutani.

"Dada, unasoma?"

"Nasoma, mzee."

"Kamera ina kasoro?"

Mama alifikiri. "Haina."

"Basi kasoro ni ya nani?"

Wateja wawili waligeuka kutazama. Mjomba, aliyekuwa na majibu siku zote, alikuwa ghafla anasoma maandishi ya boksi la betri. Mama alifunga mkoba wake. Kidevu aliujua mgongo ule unaogeuka kuondoka. Ndio aliouona kwa fundi siku ya kifo cha kamera. Waliokuwa na haki walikuwa wao, na hawakuwa na pa kuipeleka.

"Mzee," Kidevu alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Haturudishi. Labda ni sisi hatujui kuitumia. Tufundishe. Hapo nje, jua lilipo. Mpige picha kinyozi yule."

Ng'ambo ya barabara kinyozi alikuwa mlangoni pake akipangusa kitana. Mwenye duka aliwatazama wateja, nao walimtazama. Angekataaje? Alichukua kamera, akavuka kizingiti mwenyewe.

"Tabasamu, ndugu!" alimwita kinyozi.

Kinyozi akakaa sawa, kitana kifuani kama jemadari. Mwenye duka aliinua kamera, akakunja uso. Akaisogeza mbali, akaileta karibu. Akashusha miwani kutoka kwenye paji. Akageuka mgongo kwa jua, kisha ubavu. Mwishowe akabonyeza hivyo hivyo, akarudi ndani. Wateja waliisogelea picha. Ilionyesha ubao wa kinyozi, nusu ya mlango, na sikio.

"Loo!" mmoja alisema. "Leo kinyozi kanyolewa kichwa kizima!"

Mwenzake, aliyekuwa ameshika kamera nyekundu kama ile tayari kulipa, aliirudisha mezani taratibu. "Yangu mimi," alisema, "nitaijaribia huko huko nje kwanza."

Mwenye duka aliona biashara ya siku ikimponyoka. Aliinama rafu ya chini, akatoa ile kamera nyeusi, akaiweka mbele ya mama. "Badilisheni, mwende zenu. Bei zinalingana." Mama hakuigusa kabla ya kutoka nayo hadi kizingitini. Aliweka jicho kwenye kitundu, akamtazama kinyozi, akabonyeza. Kichwa kilikuwapo, pamoja na kitana.

Aliporudi, mwenye duka alikuwa bado anafuta jasho. "Kamera mmepata. Lakini binti huyu amenidhalilisha mbele ya wateja wangu. Aombe radhi."

"Omba radhi, mpwa wangu, yaishe," Profesa alisema, lakini bila nguvu.

Mama aliweka mkono begani mwa mwanawe.

"Siku ile alitaka tuijaribu juani," alisema, "na sisi watu wazima watatu tukamziba mdomo. Mzee, wewe ulijua kazi yangu ni ya nje, ukanyamaza. Kaka, wewe hukujua, ukasema. Mimi niliona haya kuchekwa, nikanunua. Mwanangu, kitu cha kutumia juani huchaguliwa juani, na swali la haki halina mkubwa wala mdogo. Heshima ni kumwamkia mtu, si kumezea kosa lake. Siku ile nilikuombesha radhi. Leo jibu ni lako."

Kidevu aliviona viatu vya Swala ndani ya vumbi. Alikumbuka mfupa ule wa samaki. Kisha akafanya kile alichowaambia watu wengi mno bustanini: akainua kidevu.

"Shikamoo nitakupa, mzee, kila nikipita hapa," alisema. "Radhi siombi."