Kisanduku cha Mdogo

Asubuhi ile kompyuta ilimjibu mama jambo ambalo hakuiuliza.

Kazi yake ilikuwa kuandika programu, na kila alipotaka kujaribu kitu alitumia majina ya binti zake wawili. Kisanduku kimoja katika kumbukumbu ya mashine alikiita mkubwa, akakitilia neno "mzima". Cha pili akakiita mdogo, ila kabla hajakitilia kitu, mkuu wake akamwita. Aliporudi akaiendesha programu hivyo hivyo, kisanduku kikiwa kitupu. Kikaandika: NIMEINGIA.

"Umegusa mashine yangu?" akamnong'oneza mwenzake wa meza ya pili.

"Sijainuka hapa." Mwenzake akakunja pua. "Mbona pananuka nywele zilizoungua? Dada, ulikipa jina ukakiacha kitupu? Majini wasio na makazi wanatafuta pa kukaa!"

Simu ikalia. Mumewe, kwa sauti ya chini: "Rudi, mke wangu. Mdogo anaungua homa. Anaongea kizee, anasema nyumba ameikuta wazi."

Mama hakulia; alimweleza mwenzake kwa maneno machache. Huku harufu ikizidi, na ndani ya mashine kitu kikikwaruza kama kucha kwenye bati, akakitilia kisanduku sifuri, neno lile likarudi, akafuta, likarudi, akaizima mashine na kuiwasha, likawa linamngoja palepale, hadi akawaza kwamba mkubwa ni mzima, basi kilichomo kwa mkubwa kitiwe kwa mdogo. Akaandika jina linalopokea kushoto, linalotoa kulia:

mdogo = mkubwa

"Usibonyeze!" Mwenzake akamdaka mkono. "Kilichomo hakihami, kinafutika chote! Na mtoto yumo humo!"

Alikwishabonyeza. Harufu ikakatika. Kisanduku kikaandika: mzima. Na mumewe akapiga simu akicheka na kulia: "Ameinuka! Homa imekwisha!"

Alipofika nyumbani, wasichana wawili walimkimbilia mlangoni. Kimo kimoja, cha mkubwa, pengo la jino upande uleule, kovu lilelile gotini. Baba yao alikuwa nyuma yao, amejishikiza ukutani.

"Shikamoo, mama," wakasema kwa sauti moja.

"Mdogo yuko wapi?"

Wakatazamana. "Mdogo yupi, mama?"

Mama aliyatafuta machozi, hayakuja. Hapakuwa na maiti ya kuzika wala jini la kufukuza. Akawaingiza ndani wote wawili, akawapakulia chakula, akakaa akiwatazama wanavyokula, asijue yupi alimzaa.